Kidonda cha upasuaji wa moyo kisichopona: mwongozo kamili wa kuitafuta na kuitibu TB ya kidari

Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa moyo miezi mitatu iliyopita. Kidonda kilifunga vizuri, nyuzi zikatolewa, akarudi nyumbani. Kisha karibu na ncha ya chini ya kovu kikatokea kiuvimbe kisicho na joto, kikapasuka chenyewe, kikaacha tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Usaha wake ni mwepesi, wa manjano hafifu, haunuki. Maabara wanaotesha, hakioti kitu. Anapewa antibiotiki wiki mbili, tundu linakauka. Siku kumi baadaye linafunguka tena, safari hii sentimita mbili juu ya lile la kwanza.

Mgonjwa wa namna hii huzungushwa kwa miezi, kutoka antibiotiki moja hadi nyingine na kutoka usafishaji mmoja hadi mwingine. Ni kweli kwamba TB kwenye kidonda cha kidari, yaani mfupa wa katikati ya kifua, ni nadra. Vidonda vingi vinavyoharibika baada ya kidari kupasuliwa huwa na stafilokoka (bakteria wa kawaida wa ngozi) au bakteria wa hospitalini. Lakini ikiwa ni TB, inatibika, na kwa dawa zilezile za TB ya mapafu. Kinachochelewesha tiba, karibu kila mara, ni kwamba hakuna aliyepeleka sampuli sahihi kwenye chupa sahihi.

Mwongozo huu ni wa daktari, ofisa tabibu na muuguzi anayefunga kidonda hicho kila siku. Ndugu wa mgonjwa akiusoma atajua la kuuliza.

TB inafikaje kwenye kidari

Mara nyingi haikuletwa na kisu. Vimelea vya Mycobacterium tuberculosis huvutwa kwa pumzi, pengine miaka mingi nyuma, na husambaa kwa damu kabla kinga ya mwili haijavidhibiti. Baadhi hulala kwenye tezi zilizo nyuma ya kidari au ndani ya mfupa wenyewe. Siku ya upasuaji mfupa huo unapasuliwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini na kufungwa kwa waya. Kama ateri ya ndani ya kifua imechukuliwa kwa ajili ya baipasi (njia mpya ya damu kuupita mshipa wa moyo ulioziba), upande huo wa kidari unabaki na damu pungufu. Ongeza kisukari, figo mbovu, VVU, lishe duni au matumizi ya prednisoloni, na kilicholala kinaamka.

Wakati mwingine TB ilikuwapo tayari kwenye mapafu, kwenye tezi au kwenye utando wa moyo, ila haikujulikana. Ni nadra sana ipandikizwe moja kwa moja na mtu au kifaa.

Kwa hiyo picha safi ya mapafu haiondoi TB ya kidari. Kukosa kikohozi hakuiondoi. Kukosa homa na jasho la usiku hakuiondoi pia. Wengi wana kidonda tu, na uzito uliopungua kidogo ambao kila mtu aliuhesabu kuwa ni uchovu wa upasuaji.

Hatua ya 1: Jua wakati wa kushuku

Anza kuitafuta TB mgonjwa akiwa na mojawapo ya haya:

- kidonda au tundu la usaha linalodumu zaidi ya wiki 4 hadi 6 licha ya antibiotiki na usafishaji uliofanywa sawasawa;
- uoteshaji wa kawaida uliorudi mara mbili bila kitu, ilhali usaha unaonekana kwa macho;
- uvimbe baridi juu ya kovu au kando yake, usiouma sana, uliotokea wiki, miezi au hata miaka baada ya upasuaji;
- tezi zilizovimba shingoni, kwapani au nyuma ya kidari;
- historia ya TB, au kuishi na mtu aliyeugua TB.

Uoteshaji ukionesha stafilokoka wa ngozi, usitulie haraka. Tundu lililokaa wazi kwa wiki nyingi hukaliwa na bakteria wa ngozi, na pamba iliyopitishwa mlangoni huwaokota hao. Ukitibu kilichopo mlangoni na kidonda kikabaki vilevile, mhusika yuko ndani zaidi.

Kuna hali moja isiyosubiri hatua yoyote. Uvimbe unaodunda na mapigo ya moyo, au damu mbichi iliyotoka ghafla kwenye tundu hata kama imekoma yenyewe, ni dalili kwamba aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) au mshipa uliopandikizwa unaweza kuwa umetoboka. Usiingize kijiti, usichome sindano, usikamue. Mlaze mgonjwa, tafuta damu ya kuongeza, ita daktari wa upasuaji wa moyo, na CT (picha ya mionzi ya tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kuonesha mishipa ifanyike saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Zuia dawa zinazoficha TB

Kabla sampuli haijachukuliwa, angalia karatasi ya dawa. Kuna makundi manne ya kuogopa.

Kwinoloni, yaani siprofloksasini, levofloksasini na moksifloksasini, huandikwa kwa urahisi mno kwa kidonda sugu. Zinaipiga TB nusunusu: usaha unapungua, kila mtu anafurahi, uoteshaji unashindwa kuota, kisha ugonjwa unarudi ukiwa umeanza kuzizoea. Linezolidi na amikasini nazo zina nguvu dhidi ya TB na zinaweza kuficha majibu.

Ya hatari kuliko zote hapa ni rifampisini. Madaktari huiongeza kwa nia njema pale wanapodhani stafilokoka amejishikiza kwenye waya au vali bandia. Lakini kama kilichomo ni TB, mgonjwa amepewa dawa moja pekee ya TB kwa wiki kadhaa, na hivyo ndivyo usugu wa rifampisini unavyotengenezwa. Kwa kidonda ambacho TB haijaondolewa kwenye orodha, rifampisini isiguswe mpaka kipande cha nyama kiwe kimefika maabara.

Kama hali ya mgonjwa imetulia, hana homa kali na shinikizo la damu halijashuka, simamisha antibiotiki zote kwa wiki 2 kabla ya kuchukua sampuli. Kama hajatulia, chukua sampuli leo, kisha endelea na antibiotiki za kawaida zisizo na nguvu dhidi ya TB.

Hatua ya 3: Picha kabla ya kisu

CT ya kifua yenye dawa ya mishipa ndiyo ya kwanza. Mwombe mtaalamu wa mionzi ajibu maswali matano kwa maandishi: kingo za kidari zimeliwa au zimeachana? Waya umekatika? Kuna mkusanyiko wa usaha nyuma ya mfupa, na umefika wapi? Tezi za kifuani zimekuwa na kitovu cheusi na ukingo unaong'aa? Na moyo, aota na mshipa wa baipasi viko umbali gani kutoka nyuma ya kidari? Swali la mwisho linaokoa maisha, kwa sababu baada ya upasuaji wa kwanza chumba cha kulia cha moyo hushikamana na mfupa, na atakayefungua bila kujua anaweza kukipasua.

Mwenye vali bandia au kiraka afanyiwe pia picha ya moyo ya ultrasaundi, ikiwezekana ile inayopitia kwenye umio. Pima VVU, sukari, figo, ini, CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) na picha kamili ya damu. Chukua makohozi hata kama hakohoi. Mkohozeshe kwa mvuke wa maji ya chumvi ikibidi. Kipimo cha ngozi cha TB na kile cha damu kinachopima kinga dhidi ya TB havitofautishi vimelea vilivyolala na ugonjwa ulioamka, na vikirudi hasi haviondoi ugonjwa. Visikucheleweshe.

Hatua ya 4: Sampuli

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Usitumie pamba. Pamba hunyonya vimelea na kuving'ang'ania, na TB ya mfupa huwa na vimelea vichache tangu mwanzo. Hadubini inahitaji takriban vimelea 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo ivione. GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) ya kizazi cha Ultra inahitaji takriban 16 tu, lakini hata hiyo haiwezi kupata kitu ambacho hakikuletwa.

Usaha uliojificha chini ya ngozi isiyopasuka uvutwe kwa sindano, mililita 2 au zaidi, ukipita kwenye ngozi nzima pembeni ya uvimbe ili usitengeneze tundu jipya juu kabisa. Kama tundu lipo tayari, chukua tishu tiata:

1. Safisha ngozi kwa klorheksidini au ayodini na iache ikauke. Usimwage dawa hizo ndani ya tundu, zinaua unachokitafuta.
2. Fuata mfereji mpaka chini. Tishu ya juu yenye usaha itupe. Kinachotakiwa ni ukuta wa mfereji kwa ndani, ile nyama laini ya kijivu au ya waridi iliyopauka, na ukingo wa mfupa ulioliwa. Ukiona vipande vyeupe vinavyovunjika kama jibini, hivyo ndivyo dhahabu.
3. Chukua vipande 3 hadi 5 kutoka sehemu tofauti, kila kimoja cha nusu sentimita hadi sentimita moja, kila kimoja kwa kifaa safi kipya.
4. Gawa kila kipande mara mbili palepale. Nusu iingie kwenye chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) kwa ajili ya mtaalamu wa patholojia. Nusu iingie kwenye chupa kavu isiyo na vijidudu, pamoja na matone machache ya maji ya chumvi ya kuzuia isikauke.
5. Waya uliotolewa nao uende maabara, kwenye chupa yake.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kipande chote kutumbukizwa kwenye fomalini. Fomalini inaua vimelea. Baada ya hapo hakuna uoteshaji wala kipimo cha usugu kinachotegemea vimelea hai. Muuguzi wa tiata na ashike chupa mbili mkononi kabla daktari hajaanza kukata, moja imeandikwa PATHOLOJIA na nyingine TB NA BAKTERIA, HAINA FOMALINI. Ndugu wa mgonjwa, swali lenu la kuuliza ni moja: "Je, kipande kimekwenda kupimwa TB kikiwa hakina fomalini?"

Jambo dogo wanalolisahau wengi: mfupa mgumu huloweshwa kwenye asidi ili ulainike kabla ya kukatwa kwa ajili ya hadubini, na asidi hiyo huharibu vinasaba na rangi ya kutambulia TB. Ndiyo maana nyama laini lazima iende pamoja na mfupa.

Kwenye fomu ya maabara andika waziwazi: GeneXpert, hadubini ya TB, uoteshaji wa TB, uoteshaji wa kawaida, uoteshaji wa fangasi. Waombe wasitupe sahani za uoteshaji wa kawaida baada ya siku 2 bali wazikalishe angalau siku 7 hadi 10. Sababu iko hatua inayofuata. Chupa ya TB ikichelewa kuondoka, ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe.

Wote walio tiata wavae barakoa za N95. Kidonda kilichofunikwa hakiambukizi watu wodini, lakini maji yakirushwa kwa nguvu ndani ya jipu la TB hutengeneza matone madogo yanayoelea, na watumishi wamewahi kuambukizwa kwa njia hiyo. Mimina maji polepole. Mashine ya kurusha maji ibaki kabatini.

Hatua ya 5: Kusoma majibu

GeneXpert hujibu ndani ya saa mbili. Ikisema TB ipo na rifampisini haina usugu, umepata jibu. Ikisema ipo kwa kiwango cha chembechembe tu, kwa sampuli ya nje ya mapafu hesabu kuwa ni TB, lakini jibu la usugu halitoki hapo. Utalisubiri kwenye uoteshaji. Ikisema haipo, usifunge faili. Sampuli yenye damu nyingi huzuia mmenyuko wa kipimo, na vimelea vinaweza kuwa havikuwa kwenye kile kipande kimoja.

Patholojia ikionesha vinundu vya granuloma vyenye kitovu kilichooza kama jibini na seli kubwa zenye viini vingi, na hakuna maelezo mengine, TB inatibiwa hata kabla uoteshaji haujajibu. Uoteshaji wa kimiminika hukaa hadi siku 42, ule wa sahani ngumu hadi wiki 8. Usubiri ukiwa umeshaanza tiba, kwa sababu ndio unaokupa orodha ya dawa zinazofanya kazi.

Sasa jihadhari na mtego mkubwa. Kuna binamu za TB, mikobakteria wa kwenye maji na udongo, ambao nao hupenda vidonda vya upasuaji wa moyo. Mwaka 1976 kulikuwa na milipuko ya Mycobacterium fortuitum na jamaa zake kwenye vidonda vya kidari nchini Marekani. Tangu 2015 imejulikana kwamba Mycobacterium chimaera alikuwa akitoka kwenye matangi ya maji ya mashine zinazopasha na kupoza damu wakati wa upasuaji. Feni ya mashine inarusha ukungu wenye vimelea hewani, unatua kwenye kifua kilicho wazi, na ugonjwa unajitokeza miezi au miaka baadaye.

Tofauti hii inabadilisha tiba yote. Hadubini huwaona wote kuwa sawa. GeneXpert ya TB haiwaoni hawa binamu kabisa. Kwa hiyo hadubini ikisema vimelea vipo na GeneXpert ikasema TB haipo, wafikirie wao kwanza, na omba maabara itambue aina. Wale wanaokua haraka, kama Mycobacterium abscessus na fortuitum, huota hata kwenye sahani za kawaida ndani ya siku 3 hadi 7, ndiyo maana tumeomba zisitupwe mapema. Dawa nne za TB haziwatibu hao; wanahitaji mchanganyiko wao, mara nyingi ukiwa na klarithromisini au azithromisini na amikasini, kulingana na vipimo vya usugu. Kutoa dawa za TB miezi sita kwa Mycobacterium abscessus ni kupoteza miezi sita ya maisha ya mtu.

Hatua ya 6: Kuanza dawa za TB

Kwa TB isiyo na usugu, dozi za kila siku kwa mtu mzima ni hizi: isoniazidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito (kikomo 300), rifampisini 10 kwa kilo (kikomo 600), pirazinamidi 25 kwa kilo, ethambutoli 15 hadi 20 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 60 anayetumia kidonge cha mseto chenye rifampisini 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275 atameza vinne kwa pamoja asubuhi, tumbo likiwa tupu. Ongeza piridoksini miligramu 25 kwa siku kulinda mishipa ya fahamu.

Miezi 2 ya kwanza ni dawa zote nne. Baada ya hapo rifampisini na isoniazidi zinaendelea. Kwa jumla, mfupa ukiwa umeguswa tunashikilia miezi 9, na hadi 12 pale usaha ulipofika nyuma ya kidari, mfupa ulipooza kwa upana, au kuna kitu bandia ndani kisichoweza kutolewa. Miezi 6 huenda ikatosha kwa ngozi na nyama pekee, lakini kwenye kidonda cha kidari ni vigumu kuapa kwamba mfupa umesalimika.

Usugu wa rifampisini ukigundulika, mgonjwa aende kwa timu ya TB sugu. Mpango mfupi wa miezi 6 wenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini haukusudiwi kwa TB ya mifupa, hivyo atahitaji mpango mrefu uliopangwa kwa ajili yake. Bedakwilini, klofazimini na moksifloksasini hurefusha muda wa QT, kipindi kimojawapo cha umeme wa moyo. Mgonjwa aliye kwenye amiodaroni au sotaloli hawezi kuzianza bila ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na daktari wa moyo.

Figo zikiwa zimedhoofu, kiwango cha uchujaji kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, pirazinamidi na ethambutoli hutolewa mara 3 kwa wiki badala ya kila siku. Msajili mgonjwa kwenye mpango wa TB na wapime watu wa nyumbani kwake.

Hatua ya 7: Dawa za moyo, mahali pa kufia

Rifampisini huliamsha ini liunguze dawa nyingine kwa kasi. Huanza ndani ya wiki ya kwanza na kufika kileleni kama wiki ya pili. Mgonjwa wa moyo ana mfuko mzima wa dawa zinazoguswa na jambo hili, na kwa maoni yetu hapa ndipo mgonjwa aliyepona TB anaweza kupotea.

*Warfarini*, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye vali ya chuma akianza rifampisini bila mpango, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) inaanguka na vali inaziba kwa damu iliyoganda. Mahitaji ya warfarini hupanda mara 2 hadi 5. Pima INR siku ya kuanza, kisha kila siku 3 hadi 4 kwa wiki 4, kisha kila wiki mpaka itulie. Ongeza dozi hatua kwa hatua kufuata INR, usiongeze kwa kukisia. Ikishuka chini ya kiwango cha vali, heparini ya sindano izibe pengo kwa maelekezo ya daktari wa moyo. Mfundishe mgonjwa: sauti ya vali ikififia, pumzi ikikatika ghafla, uso au mkono ukilegea, aje usiku huohuo.

Hatari ya pili inakuja rifampisini ikikoma. Ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani kwa wiki 2 au zaidi, na warfarini iliyokuwa imepandishwa mara tatu sasa inakuwa sumu. Fikiria mgonjwa aliyepata manjano mwezi wa pili: dawa za TB zinasimamishwa, sahihi kabisa, lakini warfarini inabaki palepale, tena kwenye ini lililovimba. Anatokwa damu tumboni au kichwani. Kila unaposimamisha rifampisini, kwa sababu yoyote, dozi ya warfarini ipitiwe siku hiyohiyo na INR ipimwe mara mbili kwa wiki.

*Rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani* hazifai pamoja na rifampisini. Mgonjwa ahamishiwe warfarini au heparini ya sindano. *Tikagrelo* hupoteza nguvu, iepukwe. *Klopidogreli* hufanya kinyume, huongezeka ukali, kwa hiyo angalia utokaji wa damu. Aspirini haina shida kubwa.

Nifedipini, verapamili na diltiazemu karibu zinatoweka mwilini. Metoprololi, propranololi na karvediloli hupungua; atenololi haitegemei sana ini. Losartani hupungua, enalaprili kidogo sana. Digoksini ya kumeza na amiodaroni hushuka. Simvastatini na atorvastatini hudhoofika. Furosemidi haiguswi. Vidonge vingi vya kisukari hushuka pia, sukari inapanda, na kidonda kinachelewa. Mwenye VVU anayetumia dolutegraviri aimeze miligramu 50 mara mbili kwa siku.

Pale ambapo mwingiliano haumudiki, kwa mfano kwa aliyepandikizwa moyo na anatumia takrolimasi, rifabutini huchukua nafasi ya rifampisini kwa sababu huliamsha ini kwa upole zaidi.

Hatua ya 8: Kisu, na kiasi chake

Dawa ndizo zinazoponya, kisu kinazisaidia. Kama hakuna usaha uliobana wala sumu kwenye damu, wiki 2 hadi 4 za dawa kabla ya usafishaji mkubwa hupunguza uvimbe na kuonesha mpaka wa nyama iliyokufa. Kwenye upasuaji wenyewe toa mfereji wote wa usaha, mfupa uliokufa mpaka uone damu ikichuruzika, gegedu iliyooza, na waya zote zilizo ndani ya eneo lenye ugonjwa. Mfupa ulioungana na unaotoa damu uachwe. Kukata kwa upana kwa kuogopa TB huacha kifua kinachoyumba, na mgonjwa mwenye moyo dhaifu hapumui vizuri na kifua cha namna hiyo.

Shimo likiwa kubwa hufunikwa kwa msuli wa kifua au kwa utando wa mafuta ya tumbo. Kabla ya kuchagua msuli, soma taarifa ya upasuaji wa kwanza. Kama ateri ya ndani ya kifua ya kushoto ilichukuliwa kwa baipasi, msuli wa kifua wa kushoto hauwezi kupinduliwa ukiwa umeshikwa kwa upande wa kidari, kwa sababu damu yake ya upande huo haipo. Usogezwe ukilishwa na ateri ya begani. Msuli wa mbele wa tumbo wa upande huohuo una shida ileile.

Hatua ya 9: Kidonda kila siku

Osha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, kwa kumimina. Jaza shimo kwa shashi yenye unyevu bila kubana. Shashi iliyokandamizwa huziba mlango na usaha unarudi nyuma. Mashine ya kunyonya kidonda inafaa, milimita 75 hadi 125 za zebaki, lakini kama kidari kiko wazi na moyo uko chini yake, weka kwanza tabaka kadhaa za shashi ya vaselini au silikoni juu ya moyo. Sponji ikigusa chumba cha kulia cha moyo moja kwa moja inaweza kukichana. Damu nyekundu kwenye mrija maana yake zima mashine, bonyeza kwa mkono, piga kelele.

Mara moja kwa wiki pima urefu, upana na kina cha tundu, piga picha ukiwa na rula pembeni, andika idadi ya shashi zilizolowa kwa siku. Macho husahau, namba hazisahau.

Hatua ya 10: Kufuatilia

Vipimo vya ini vifanywe kabla ya kuanza, kisha wiki ya 2, 4 na 8. Simamisha dawa ALT (kimeng'enya cha ini kwenye damu) ikizidi mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, au mara 3 kama kuna kichefuchefu, maumivu ya tumbo au manjano. Muulize kila ziara kama rangi nyekundu na kijani anaziona vizuri, kwa sababu ethambutoli inaweza kudhuru macho. Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu, mwambie mapema asije akadhani anatokwa damu. Pima uzito kila mwezi na urekebishe idadi ya vidonge anaponenepa.

Kidonda chenye TB hupungua usaha ndani ya wiki chache na hufunga kwa miezi. Baina ya wiki ya 2 na ya 8 kinaweza kuvimba zaidi au kutoa tundu jipya ilhali mgonjwa anakula vizuri na anaongezeka uzito. Hiyo huwa ni kinga iliyoamka, hasa kwa aliyeanza dawa za VVU karibuni. Thibitisha kwanza kwamba anameza dawa na kwamba hakuna usugu, vuta usaha, endelea na mpango uleule. Kosa la hapa ni kuongeza dawa moja mpya kwenye mpango unaoonekana kushindwa.

Mwisho wa tiba rudia CT, na weka INR mbili kwa wiki mpaka warfarini itulie kwenye dozi yake ya zamani. Mwone mgonjwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2. Tundu likifunguka tena, usirudie vidonge vilevile kwa mazoea. Rudi tiata na chupa zako mbili, na ile isiyo na fomalini ijazwe kwanza.